Wanataka Nimtetee Mdogo Wangu, Lakini Niliona Pigo la Pili

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja ningeiandikia. Naomba usichapishe jina langu wala la kijiji chetu, kwa sababu jambo lenyewe liko mahakamani.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye nimemtangulia kwa miaka 10 na kwa sehemu kubwa nimemlea, ni dereva wa bodaboda. Pikipiki yake aliinunua kwa mkopo wa kikoba chetu, na mdhamini wake ni mimi. Usiku mmoja mwaka jana, yapata saa nane, kijana wa mtaa wa pili aliingia uani kwetu na panga, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea nje. Mdogo wangu alitoka na rungu. Yule kijana akamkata mkono wa kushoto karibu na kiwiko, jeraha lililoshonwa nyuzi saba, na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ipo. Mdogo wangu akampiga begani, panga likaanguka. Mpaka hapo sina swali lolote moyoni.

Kisha kijana aligeuka, akakimbilia kwenye ua wa michongoma. Nguo yake ikanasa kwenye miiba. Mdogo wangu alimfuata, akampiga tena, mara moja, gotini. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na tochi ya simu, na pigo hilo niliona. Kijana alivunjika vibaya, na mpaka leo anatembea kwa magongo. Yeye ana kesi yake ya kuingia kwetu kuiba, inayoendelea peke yake. Lakini mdogo wangu naye ameshtakiwa kwa kumsababishia mtu madhara makubwa mwilini. Upande wa mashtaka umefunga ushahidi wake, mahakama imeona ana kesi ya kujibu, na baada ya wiki tatu utetezi unaanza. Kijana amekwisha kusema mahakamani kwamba alipigwa akiwa anakimbia. Hakuna mwingine aliyeliona jambo hilo isipokuwa mimi.

Tumekuwa na kikao cha familia mara mbili. Baba mdogo ameniambia waziwazi kwamba niseme panga lilikuwa bado mkononi mwa kijana. Mama alisema kwa machozi kwamba damu yangu ndiyo ya kuitetea, si damu ya jirani. Baba yangu, ambaye alipigana Vita vya Kagera akiwa na miaka 20 na mpaka leo nishani yake ameihifadhi kwenye sanduku, hakusema niseme uongo. Alisema hivi: “Walipotuvamia mwaka 1978 hatukuishia Mto Kagera. Tulikwenda mpaka Kampala. Ulinzi hauna nusu.” Kwake yeye, pigo la pili ni sehemu ya ulinzi uleule, na hakuna cha kuficha wala cha kuungama. Maneno hayo ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa kuwa namheshimu baba na sijui nimjibu nini.

Wakili hajawahi kunitaka niseme uongo. Aliniuliza tu niliona nini, nami nikamjibu kwamba kulikuwa na giza, jambo ambalo ni kweli na si kweli. Mdogo wangu mwenyewe hajaniomba chochote. Anajua nilikuwa mlangoni. Tukikutana anaangalia chini.

Mama wa yule kijana ni mwanachama mwenzangu wa kikoba. Hajanitolea neno baya hata mara moja. Ananisalimu, ananiuliza habari za wanafunzi, na mimi siku hizi nawahi kuondoka kabla hatujamaliza kuhesabu hisa.

Nimalizie kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Juma lililopita nilikuwa nafundisha visawe darasa la sita. Niliandika ubaoni maneno manne: linda, kinga, hami, tetea. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, kama maana ni moja, mbona mahakamani hawasemi wakili wa ulinzi?” Darasa zima likacheka. Nilishindwa kumjibu, nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Nimefundisha somo hilo kwa miaka tisa. Sasa nakuuliza wewe: wanaponiambia nimtetee ndugu yangu, wananitaka nifanye nini hasa? Na je, nikisema nilichokiona, nitakuwa nimemsaliti?

Mwalimu aliyekwama, Morogoro

Mwalimu wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla ya kuanza kukujibu, na kila mara nimerudi kwa yule mtoto wa darasa la sita. Nakuomba usijilaumu kwa kumpeleka ukurasa unaofuata, kwani swali lake lilikukuta katika juma ambalo hukuwa na nguvu ya kulijibu. Hata hivyo naamini ameshika uzi wa jambo lako lote, na kwa ruhusa yako nitaanza hapo, kabla sijafika kwenye kikao cha familia na kwenye kizimba.

Mkoa wenu ni mkoa wa mpunga, kwa hiyo kulinda unakujua bila kufundishwa. Mtoto hupanda kwenye dungu na kombeo lake kuulinda mpunga ili ndege kweleakwelea wasimalize mashuke, na kazi yake ni macho, mikono na sauti. Ndege wakiondoka shambani, amelinda, na hakuna anayemtuma awafuate kwenye viota vyao. Kukinga ni kuweka kitu katikati, kama mtu anayekinga jua kwa kiganja au pigo kwa mkono wake. Kuhami kuko jirani sana na kulinda, lakini ukisema mtu anajihami, msikilizaji huona mara moja mtu aliyekwisha kufikiwa na hatari. Kutetea kunatoka nyumba nyingine kabisa. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba mzizi wake ni kuteta, yaani kubishana na kugombana kwa maneno, na kile kiambishi cha kutendea ndicho kinachokifanya kitendo kiwe kwa ajili ya mtu mwingine. Anayetetea anasema. Ndiyo maana Serikali ina Wizara ya Ulinzi, mahakama ikawa na wakili wa utetezi, na hakuna anayevichanganya hivyo viwili mpaka pale msiba unapoingia nyumbani.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nadhani familia yako inakutaka ufanye mambo mawili kwa neno moja. Usiku ule mdogo wako alilinda mali na akajihami. Hayo yalikwisha usiku uleule, mema yake na mabaya yake, na hakuna awezaye kuyaongeza wala kuyapunguza leo. Linalokuja baada ya wiki tatu ni utetezi, nao unafanywa kwa maneno, chini ya kiapo, mbele ya watu watakaoyachunguza maneno hayo. Baba mdogo anapokuambia uliweke panga mkononi mwa kijana, naona kwamba anataka wewe umkinge mdogo wako kwa mwili wako, usimame katikati yake na hukumu. Ni jambo la upendo, na silidharau. Lakini nakuuliza kwa upole: je, wao wenyewe wanajua kwamba wanakuomba kitu kilicho tofauti na utetezi?

Nije kwa Mzee wako, ambaye naomba umfikishie shikamoo yangu. Hoja yake si nyepesi, na nimefurahi kwamba hukuiita ukaidi wa wazee. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto ule ni ya Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wavamizi walirudishwa nyuma, lakini Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Hayo yote Mzee aliyaona kwa macho yake. Ila utakumbuka kwamba hata wakati ule swali la mwanafunzi wako wa darasa la sita liliulizwa na watu wakubwa. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, wapo viongozi walioilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka wa nchi nyingine, na wapo walioiunga mkono. Wale waliotutetea walisema kwamba jeshi la Amin lilikuwa bado lipo, limebomoa daraja la Kyaka, limeua raia na kuteka ng'ombe, na kwamba hakuna aliyeweza kuwahakikishia watu wa Kagera kuwa halitarudi.

Kwa hiyo Mzee akisema ulinzi hauna nusu, labda anachokisema kwa ndani ni kwamba hatari haiishi kwa sababu tu adui amegeuza mgongo. Hilo linaweza kuwa kweli, na linaweza lisiwe kweli, kutegemea aliyegeuza mgongo ni nani, amebaki na nini na anakwenda wapi. Jeshi lililorudi nyuma likajipange upya ni tofauti na kijana aliyenaswa na miiba ya michongoma akiwa mikono mitupu. Lakini mdogo wako, akiwa anavuja damu gizani, alikiona kipi kati ya viwili hivyo? Mimi sijui, na nadhani wewe pia hujui, kwa sababu hujamuuliza. Badala ya kumjibu baba yako, huenda ingekusaidia zaidi kumwomba akusimulie walivyopewa amri ya kuvuka mpaka, nani aliamua na kwa sababu gani. Askari wa zamani hujua kuliko sisi kwamba vita vilevile vina kanuni kuhusu mtu aliyekwisha kuangusha silaha.

Sheria yetu imejaribu kulipima jambo hilihili. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye mwenyewe, kumlinda mwenziwe na kulinda mali, na mtu akitenda ndani ya haki hiyo hana kosa. Inasema pia kwamba nguvu itakayotumika iwe ya kiasi kinachohitajika, na anayezidisha anawajibika kwa madhara ya kile alichozidisha. Hata hivyo mahakama hazimtaki mtu aliyekatwa panga gizani apime kila pigo kwa mizani ya sonara, na mambo yaliyotokea kwa sekunde chache huangaliwa kama yalivyotokea, kwa sekunde chache. Tena mzigo wa kuthibitisha hauko kwenu. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuondoa shaka ya msingi, wakati mdogo wako anatosheka kuiibua shaka hiyo.

Nayasema haya kwa sababu barua yako yote inasimama juu ya dhana moja ambayo ningependa uiangalie tena, kwamba ukweli wako ni kisu kwa ndugu yako. Umeniandikia sentensi moja kuhusu pigo la gotini, lakini umeniandikia pia mambo mengi ambayo hakuna mwingine nje ya mdogo wako awezaye kuyasema mahakamani kwa upande wake: kwamba kijana aliingia na panga, kwamba yeye ndiye aliyeanza kukata, kwamba damu ilimwagika kabla rungu halijainuliwa, kwamba kati ya pigo la kwanza na la pili palipita muda ambao wewe uliushuhudia. Ulikuwa mrefu kiasi gani? Panga liliangukia wapi, mbali na mikono yao wote au mahali ambapo kijana angelirudia? Mdogo wako alikuwa na njia ya kujua kwamba kijana alikuja peke yake? Alisema neno lolote? Nakuuliza maswali haya kwa tahadhari, kwa kuwa kumbukumbu iliyobanwa na mapenzi huweza kujijaza yenyewe, na sipendi uyatumie kama matundu ya kupitishia lile ambalo baba mdogo analitaka. Yajibu tu kama kwamba hakuna anayekusikiliza.

Sasa tuziangalie njia zilizo mbele yako, pamoja na hatari zake, kwani hakuna hata moja iliyo salama.

Unaweza kupanda kizimbani na kusema yote. Hatari yake ni kwamba pigo la pili litatoka kwa mdomo wa dada, na hakimu anaweza kulipa uzito kuliko lilipotoka kwa kijana mwenyewe. Kama mdogo wako atatiwa hatiani, kuna watu wa nyumbani watakaolikumbuka jina lako kila watakapolitaja gereza, na mkopo wa pikipiki utabaki mabegani mwako. Lakini faida yake ni kwamba ukishasema jambo linaloumiza upande wako, na mengine yote uliyoyasema hupata nguvu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapotetea tasnifu yake hawafichi watahini ukurasa ulio dhaifu, maana wameshausoma.

Unaweza kusema walivyokupangia. Sitakutukana kwa kuifikiria njia hii, kwa kuwa watu wema wengi wameifuata kwa ajili ya wapendwa wao. Ila uione kwa ukubwa wake. Kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo ni kosa lenye kifungo kinachoweza kufikia miaka 7. Wakili wa Serikali atakuuliza maswali ya dodoso kuhusu mwanga, umbali, na namna mtu mwenye panga mkononi alivyovunjwa goti akiwa ameuegemea ua. Ukiteleza hapo, hutaanguka peke yako. Ile PF3 na zile nyuzi saba, ambazo ni kweli tupu, zitaanza kutiliwa shaka pamoja na neno lako, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi kwa ajili ya mdogo wako.

Unaweza pia kuomba usiwe shahidi. Upande wa utetezi huchagua mashahidi wake, na sheria haidai idadi maalumu. Mdogo wako anaweza kujitetea mwenyewe na kuleta wengine. Lakini ukimya wako unaweza kumnyima yale mema niliyoyataja, na haukupi uhakika, kwa sababu mahakama ina uwezo wa kumwita mtu inayeona anahitajika. Mume au mke wa mshtakiwa halazimishwi kutoa ushahidi kwa upande wa mashtaka katika kesi za kawaida. Dada hana kinga hiyo.

Njia yoyote utakayoichagua, kuna mtu mmoja ambaye nadhani anapaswa kuujua ukweli kabla ya wiki hizi tatu kwisha, naye ni wakili. Ulimjibu kwamba kulikuwa na giza. Anajenga nyumba juu ya jibu hilo. Akijua sasa, ana nafasi ya kuamua kama akuite au asikuite, kama hoja yake iwe kujilinda tu au ajiandae pia kuomba adhabu ipunguzwe, au hata kama inafaa kuzungumza na upande wa mashtaka, kwani tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kabla ya hukumu. Akiyajua kizimbani, atakuwa hana la kufanya. Kama gharama zake zinawaelemea, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu inaweza kukuelekeza. Umuulize pia wakili kabla ya kukaa na mdogo wako kuzungumza juu ya usiku ule, ili mazungumzo yenu yasije yakaonekana kama ya kufundishana ushahidi.

Maana mazungumzo hayo nayaona ya lazima kwa namna fulani, hata kama hayatagusa kesi. Familia nzima imesema kwa niaba yake, na yeye hajasema neno. Umechukulia kwamba anaangalia chini kwa sababu anaogopa utakachokisema. Inawezekana. Inawezekana vilevile anaona aibu kwamba wewe, uliyemlea, ulikuwa umeshika taa. Mtu wa namna hiyo huenda hahitaji kukingwa na dada yake. Huenda anahitaji kujua kwamba dada yake aliona na bado ni dada yake. Kama ndivyo, basi swali lako la usaliti litabadilika sura, na atakayekusaidia kulijibu ni yeye kuliko mimi.

Nimebakiza habari za kikoba. Huko unakowahi kuondoka kabla ya hisa kuhesabiwa, ni wewe unayejihami, na una haki ya kufanya hivyo, kwa sababu hata neno la huruma kwa yule mama linaweza kuchukuliwa kama ushahidi mitaani. Kesi hii huwezi kuizungumza naye, na usijaribu. Lakini salamu yake umeniandikia kwa uangalifu mkubwa mno kwa mtu anayetaka tu kuikwepa. Pengine unaweza kubaki mpaka mwisho wa hesabu siku moja, mkae benchi moja bila kutaja lolote, uone kama moyo wako unaweza kuvumilia hilo.

Kwa juma hili nakuomba jambo dogo. Chukua daftari, uandike kwa mkono wako yote uliyoyaona usiku ule kwa mpangilio wake, kuanzia sauti iliyokuamsha, bila kumpendelea yeyote na bila kujaza pale ulipokuwa huoni. Ukimaliza, usimwonyeshe mtu wa nyumbani. Mpelekee wakili. Halafu, kama nafsi yako itakuwa imetulia kidogo, rudi ubaoni na lile swali, umwite yule mtoto kwa jina lake mbele ya wenzake, na uwaache wakutafutie mifano. Ningependa sana kusikia watakachokuambia.

Wako,
Mshauri